Usisafishe Koko

Juzi, dukani hapa Kisangani, nilikuwa nachagua kamera ndogo ya kidijitali ya kupigia picha za familia. Hata ile kubwa ya bei ghali naiweza. Sikurudi kutoka masomoni na diploma yangu ili nikae kuomba. Ila nilitaka nyepesi, ya bei nafuu, hata watoto waishike. Muuzaji akanionyesha moja: "Papa, hii haina mambo ya kusafisha. Unapiga, unaona palepale." Nikacheka peke yangu.

Nilikumbuka alasiri moja nikiwa mtoto mdogo: koko, bibi yangu, alikuwa anarudi kwake Bengamisa, nami nilitaka sura yake ibaki kwetu. Mpiga picha aliitwa uani. Koko alinukia mawese na sabuni mpya. Kamera ikalia, kisha yule bwana akasema, "Bon, sasa naenda kusafisha."

Leo najua habari za filamu na dawa zake. Wakati ule nilijua tu kwamba mama alikuwa ameisugua kaptula yangu nyekundu mpaka rangi yote ikatoka. Nikamkumbatia mpiga picha mguu.

"Tonton, usisafishe koko! Sura yake itatoka!"

Wote walicheka, isipokuwa koko. "Mutoto anasema kweli," alimwambia. "Sugua polepole. Hii sura iko moja tu."

Picha ilipofika, niliikagua kwa kidole: macho yapo, mikunjo ipo, hata pengo la mbele lipo. Nikatangaza mtaa mzima kwamba yule bwana alinitii.