Fyuzi Mfukoni: Jumapili Yangu Mysore

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilitoka mtaa wa Jericho hadi mjini kwa miguu, nimevaa viatu vya kuazima. Kampuni yetu ilifunga na kutengeneza lifti katika majengo marefu ya Nairobi. Fomeni, Mzee Odera, alinipandisha hadi chumba cha mashine juu ya paa, akanionyesha mota, breki, na kamba za chuma zilizoshuka shimoni. Kisha akazima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni.

"Mwangi, mtu akiwa kwenye mashine, umeme ni wake," alisema. "Hata mwenye jengo akija, usimpe."

Nilidhani ni maringo ya wakubwa. Nilikuja kumwelewa miaka kumi baadaye, mbali sana na Nairobi.

Wakati huo nilikuwa nimehamia mtaa wa Umoja na mke wangu, Wanjiru, na watoto wetu wawili, Njeri na mdogo wake. Kampuni ilinunua lifti mpya kutoka India, ikanituma mimi na fundi mwenzangu Muthoka, mkazi wa Huruma, kwenye kiwanda kilichozitengeneza, nje kidogo ya Mysore, mji wa kusini uliokuwa makao ya wafalme. Mafunzo yalikuwa ya miezi mitatu. Mwenye cheti angefikiriwa kwa cheo cha fomeni, kwa kuwa Mzee Odera alikaribia kustaafu. Siku ya kwanza Mhandisi Mkuu wa kiwanda alitusomea sheria: mwanafunzi asiguse mashine yoyote nje ya kiwanda. Akigusa, anarudi kwao.

Jumapili moja mkufunzi wetu, Bwana Raghavan, alitupeleka kuona kasri la wafalme, pamoja na mama yake mzee aliyetembelea fimbo. Tulivua viatu mlangoni. Sakafu ilikuwa baridi, na juu yetu dari ilikuwa ya vioo vya rangi vilivyochorwa tausi.

"Hapa hata kukohoa mtu alikuwa anaomba ruhusa," Muthoka aliniambia.

Mama yule alitufundisha kuhesabu tausi kwa lugha yake. Tukikosea, alitugonga begani kwa kidole na kucheka.

Mchana tulikwenda kunywa chai katika nyumba ya zamani ya wageni wa mfalme, iliyokuwa imegeuzwa hoteli. Ukumbi wa chai ulikuwa orofa ya juu. Mama alikuwa amechoka, kwa hiyo yeye na mwanawe wakaingia lifti, sisi tukapanda ngazi. Tulifika juu, lifti haikufika. Tukasikia chuma kikigonga chuma, kisha kimya.

Lifti ile ilikuwa kizimba cha mbao chenye wavu wa chuma. Tulipochungulia shimoni tulimwona Bwana Raghavan amepiga magoti chini yetu, kichwa cha mama yake mapajani.

"Hapumui vizuri," alisema.

Meneja wa hoteli alikuja akitembea upesi. Fundi wao hakuwa kazini Jumapili. Ingechukua saa nzima kumpata. Nikamtazama Bwana Raghavan kupitia wavu.

"Mwangi, unaijua sheria," alisema. Sikujua kama ananikataza au ananiomba.

Nilipanda chumba cha mashine, Muthoka nyuma yangu. Nilizima swichi kuu. Hapakuwa na kufuli, kwa hiyo nikachomoa fyuzi na kuzitia mfukoni. Kazi yenyewe inahitaji watu wawili: mmoja analegeza breki kwa wenzo wa chuma, kidogo kidogo, mwingine anazungusha gurudumu la mota. Kizimba chenye watu wawili tu ni chepesi kuliko uzito unaokisawazisha upande wa pili, hivyo ukilegeza breki kupita kiasi kinakimbilia juu. Nilishika breki. Muthoka alishika gurudumu, mikono yake yote miwili katikati ya vyuma vya gurudumu hilo.

Meneja akatokea mlangoni. "Washa umeme! Lifti hii ukizima na kuwasha huanza kwenda yenyewe. Nipe hizo fyuzi."

"Sitoi."

"Naita polisi. Utalala ndani leo."

"Waite."

Umeme ungerudi wakati ule, gurudumu lingevunja mikono ya Muthoka. Alilijua hilo, akaendelea kuzungusha bila kunitazama. Viganja vyangu vilianza kuteleza kwa jasho. Mhudumu mmoja alisimama mlangoni pa lifti akitutajia umbali uliobaki, hadi akapaza sauti, "Bas!", neno ambalo hata sisi tulilielewa.

Walimtoa mama wamembeba. Daktari alifika, akamtibu, akapona.

Jumanne Mhandisi Mkuu alituita. Barua ya meneja ilikuwa mezani.

"Ni nani alianza?"

"Ni mimi," nilisema. "Muthoka nilimwamuru."

Muthoka aliangalia sakafu. Bwana Raghavan alinitetea mpaka sauti ikamkauka. Mhandisi Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia.

"Bwana Mwangi, kazi uliifanya sawasawa. Lakini mwingine akikuiga bila ujuzi wako, ataua mtu."

Nilirudi Nairobi bila cheti. Muthoka alirudi nacho, na Mzee Odera alipostaafu akawa fomeni wangu hadi nilipoacha kazi. Alikuwa mkubwa mwema. Habari za Mysore hatukuzizungumza.

Sasa nimestaafu, na mafundi vijana huja hapa nyumbani Umoja kuniuliza kuhusu kazi. Siwaambii wavunje sheria. Mhandisi yule alisema kweli, nami nimeyapima maneno yake miaka mingi. Wala siwadanganyi kwamba nilivumilia kimya. Nilinung'unika mwaka mzima, kila jioni, mpaka Wanjiru akaweka sufuria chini na kuniangalia.

"Baba Njeri," alisema, "basi ungemwacha yule mama mle ndani, uje na cheti chako. Lakini mlangoni hapa ningemfungulia mtu wa namna gani?"