Kizibao Namba Saba Kwenye Geti la Bustani

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Jua kali tangu asubuhi, upepo hakuna. Mawingu yalijikusanya upande wa baharini yakatawanyika bila kudondosha hata tone.

Siku hiyo Tusajigwe Mwaisumo alizuiwa kuingia kwenye bustani aliyoilipia. Ni jirani yangu wa miaka mingi, na yaliyosemwa getini niliyasikia mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimekaa ndani kwenye benchi la karibu.

Tusajigwe ni dereva wa bajaji katika mtaa wetu wa Mikungu, upande wa Kunduchi. Ni mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye sauti inayofika ng'ambo ya barabara bila kupaza. Alikuja Dar akiwa binti, yeye na mama yake, wakitokea Kyela. Alifua mashuka katika hoteli moja ya ufukweni mpaka hoteli ilipopunguza watu. Wenzake walifungua genge au walirudi kwao. Yeye alijifunza bajaji, akachukua ya mtu kwa mkataba, akaitumikia hadi ikawa yake. Wanaume wa kijiweni walimcheka mwanzoni, hasa alipokuwa akirudi kinyumenyume. Siku hizi ugomvi wa foleni ukitokea, yeye ndiye wanayemwita aamue.

Na foleni pale kijiweni ni jambo kubwa. Aliye mbele ndiye anayechukua abiria. Akirudi anakwenda mkiani. Ukiwa mkiani ndipo unapumzika: unakunywa maji, unaswali, unasinzia kidogo, huku aliye mbele yako akikushikia nafasi. Zamani mkia wa foleni ulikaa chini ya mti mkubwa wa mkungu kwenye uwanja wa wazi. Uwanja huohuo ndio uliogeuzwa bustani.

Bustani ilijengwa kwa ada ya usajili. Ulipitishwa utaratibu kwamba kila chombo cha moto kinachosajiliwa katika kata, liwe gari la nyumbani au bajaji ya biashara, hakipati stika ya mwaka mpaka kilipiwe ada ya bustani. Hiari haikuwepo. Bajaji isiyo na stika haikai kijiweni, na ikikamatwa inafungwa mnyororo. Madereva walilalamika sana. Tusajigwe ndiye aliyewanyamazisha.

"Nyie lipeni," aliwaambia. "Watoto wenu wanacheza wapi? Si barabarani? Mie naitaka hiyo bustani."

Alilipa mapema, akaibandika stika katikati ya kioo cha mbele, mahali ambapo wengine hubandika jina la Mungu au la timu yao.

Alikuwa na sababu yake. Mama yake, Bibi Sekela, alipata kiharusi mwaka juzi, na mguu wa kushoto ukabaki mzito. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alisema ni lazima atembee kila siku mahali tambarare, la sivyo mguu utakakamaa na hatainuka tena. Mtaani kwetu mahali tambarare hakuna. Kuna mchanga, mifereji iliyo wazi, na pikipiki zinazopita popote. Bibi Sekela alijaribu, akaanguka mbele ya duka la mkaa, akaapa kwamba hatatoka tena. Kila jioni Tusajigwe alipita kuwaangalia mafundi wakipanga matofali ya njia ya bustani, kisha akirudi nyumbani anamwambia mama yake, "Wanaweka matofali, mama. Laini kama sakafu."

Kazi ikaisha. Mkungu haukukatwa, ulizungushiwa mabenchi. Kijiwe kilihamishiwa ng'ambo ya barabara, juani. Kisha kwenye geti kikawekwa kibao: madereva wa bajaji na bodaboda hawaruhusiwi kuingia wakiwa na vazi la kazi. Kiliwekwa na kamati ya bustani, ambayo mwenyekiti wake ni Mzee Gaudens, mstaafu mwenye nyumba ya ghorofa inayotazamana na uwanja. Vazi la kazi ni kile kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari inayong'aa, ambacho wenyewe wanakiita rifleta. Sasa, utaratibu uleule wa usajili unamtaka dereva asikivue muda wote awapo kazini.

Jumanne hiyo, Tusajigwe aliposhusha abiria na kurudi mkiani, alimwomba Nurdin, dereva mwenzake, amshikie nafasi. Akaenda kumchukua mama yake. Aliegesha bajaji kando ya geti, wakaja wameshikana mikono, Tusajigwe na kizibao chake, namba saba mgongoni.

Mlinzi, Gozbert, kijana mpole wa Bukoba, alisimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipishe nikakae, mguu huu haupendi kusimama."

"Wewe pita tu, bibi. Ishu ni sista. Hiyo rifleta."

"Imefanya nini?" Tusajigwe akauliza.

"Si kibao hicho."

"Nimekisoma. Mama hawezi kutembea peke yake. Utamshika wewe?"

Gozbert aliangalia nyuma, akapunguza sauti. "Sista, vua tu. Ikunje, itupe kwenye bajaji, ingia. Nani atakuuliza?"

Mambo yangeweza kuishia hapo. Ni kufungua vifungo viwili tu, na wengi wetu tungefungua. Nikiwa pale kwenye benchi nilisema moyoni, vua mama, yaishe. Mkono wake ulifika kwenye kifungo cha juu. Akautazama mkungu, akalitazama lile benchi nililokalia. Kisha akakikaza kifungo.

"Sivui."

"Sista, mie natumwa tu."

"Najua, mdogo wangu. Lakini nikivua naingia kama nani? Ada imelipwa na dereva wa bajaji. Basi anayeingia ni dereva wa bajaji."

Mzee Gaudens alikuwa amekwisha kuona. Alivuka kutoka kwake akiwa na kanzu ya nyumbani na kandambili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Tusigombane. Hii ni bustani ya familia. Tukiruhusu vizibao humu, kesho pamekuwa kijiwe. Singeli, matusi, maganda ya miwa."

"Ya familia? Kwani mie nimeshushwa na mvua? Mama yangu huyu hapa!"

Ng'ambo madereva walicheka. Nurdin, aliyejifunika kitambaa kichwani kwa jua, akapaza sauti: "Mzee, wengine tumefunga! Maganda ya miwa mchana huu tunayatoa wapi?"

"Nyie mmepewa sehemu yenu."

"Ndiyo, mzee! Tunakaangwa bila mafuta!"

Mzee Gaudens hakucheka. "Hata mimi nimelipia gari langu," alisema, "wala sikudai benchi la peke yangu."

"Hukudai, mzee wangu. Lakini hukuambiwa uvue kanzu getini."

Hapo uso wa mzee ukabadilika. Alisema taratibu kwamba kamati ina sauti kwenye stika, na kwamba kizibao hicho kikivuka geti ataomba stika ya bajaji ile ibanduliwe. Stika ikibanduliwa, Tusajigwe hana kazi, na nyumbani kwao hakuna mwingine anayeleta chakula.

Bibi Sekela alikuwa ameegemea nguzo ya geti, mguu unamtetemeka. "Tusa," alisema, "nirudishe nyumbani. Nimechoka kusimama."

Tusajigwe alimshika mama yake akampandisha kwenye bajaji, akamkalisha vizuri, ndipo akamgeukia Mzee Gaudens.

"Kesho asubuhi nakuja, mzee. Na kizibao changu. Stika iko katikati ya kioo, hutahangaika kuitafuta."

Aliporudi kijiweni, Nurdin alimwambia, "Dada Tusa, si ungevua tu? Msikitini mie navua viatu na sijafa."

"Msikitini mnavua wote. Humu tunavua sie tu."

Nurdin alikuwa bado mkiani, nafasi moja mbele yake. Alikaa kidogo, akakung'uta suruali, akavuka barabara na kizibao chake, akampita Gozbert, akakaa chini ya mkungu.

"Braza, toka," Gozbert alimwambia.

"Nasubiri zamu yangu. Ikifika natoka."

Na kweli ilipokaribia alitoka. Aliyekuwa mkiani wakati huo, Brightson, akavuka. Akafuata mwingine. Waliingia mmoja mmoja kwa foleni, kama walivyozoea, bila muziki wala makelele, kila mmoja na namba yake mgongoni. Gozbert alisimama kwa wawili wa mwanzo, baadaye akaanza kumwagilia maua. Juu ghorofani Mzee Gaudens alionekana dirishani, simu sikioni. Kila zamu ya Tusajigwe ya kupumzika ilipofika, hakuvuka.

"Mie nitaingia na mama," alisema, akabaki juani.

Jioni, ukuta wetu ukiwa mmoja, nilimsikia Bibi Sekela akisema, "Watakunyang'anya kazi kwa ajili ya mguu wangu. Mguu wenyewe umezeeka."

"Si mguu wako tu, mama."

"Kumbe nini?"

"Wamechukua hela yangu, halafu wananionea haya."

Bibi Sekela akauliza kama ile nguo yako ya kung'aa ya zamani bado ipo.

Alfajiri ya Jumatano manyunyu yalipita, matofali ya bustani yakalowa. Tusajigwe alisimamisha bajaji mbele ya geti, kioo chenye stika kikitazama nyumba ya Mzee Gaudens, na mzee mwenyewe alikuwa tayari amesimama pale. Tusajigwe alishuka na kizibao chake. Kisha akamshusha mama yake, naye amevaa kizibao. Kilikuwa kimefifia, mistari imebanduka upande mmoja, na kilimfika magotini.

Mzee Gaudens alifungua mdomo. Lakini Bibi Sekela ni mkubwa kwake kwa umri, na hilo halikuhitaji kibao.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, baba. Unataka na mimi nivue?"

Mzee akamgeukia Tusajigwe. Alimwambia kwamba suala la stika atalifikisha kwenye kata leo hii.

"Lifikishe, mzee," Tusajigwe akasema. "Nikiitwa nitakwenda. Nitakwenda hivihivi nilivyovaa."

Akamshika mama yake mkono wakapita. Bibi Sekela alijaribu tofali la kwanza kwa kisigino, kama mtu anayepima maji ya kuoga, kisha akauvuta ule mguu mzito. Walizunguka polepole hadi chini ya mkungu, Tusajigwe akamketisha kwenye benchi na kumfunga vifungo vilivyofunguka. Nurdin, aliyekuwa mkiani, alikuja akakaa ubavuni mwa bibi ili asibaki peke yake. Ng'ambo Brightson akapiga mluzi: zamu ya namba saba imefika. Tusajigwe akatoka getini, akawasha bajaji, akaivusha barabara kwenda kuchukua abiria.