Ng'ombe Ndio Hujibiwa

Mwanangu, kuna asubuhi moja nikiikumbuka moyo bado inanipiga. Usicheke ati nakuita mwanangu na sina hata mvi. Babako Kiprono ni ndugu yangu, kwa hivyo wewe ni wangu. Jana nilikusikia kwa kituo cha majani chai ukiambia wenzako juu ya babako, "Wachaneni na huyo, ni chizi." Nilitaka kukuzaba kofi. Lakini hasira hasara, wacha tuongee.

Hiyo asubuhi nilimtoa babako kijijini Boito na pikapu, nimemfunga mikono na kamba ya magunia. Alikuwa amekunywa chang'aa wiki nzima. Anatetemeka, anatapika, anaita watu hatuwaoni. Kwa geti ya hospitali, askari akacheka, "Mmeleta mzigo?" Nikamshika kola mpaka kofia ikaanguka. Nani atukane ndugu yangu nikiwa hapo?

Ndani, daktari akaniangalia mimi. "Anakula?"

"Hakuli."

"Analala?"

"Halali."

Na babako amekaa hapo katikati yetu. Akasema polepole, "Kichwa. Nilianguka."

"Nyamaza, tunaongea," nikamwambia. "Daktari, hiyo ni pombe inasema."

Daktari akaandika pombe. Akasema adungwe sindano ya usingizi, apelekwe wodi ya wagonjwa wa akili, ataangaliwa kesho.

Kulikuwa na mama mmoja mzee wa kutoka Bungoma, Mama Nekesa, anafagia. Akasimama.

"We kijana, umemleta kwa daktari wa ng'ombe?"

"Mama, fagia tu."

"Nitafagia. Lakini ng'ombe ndio hujibiwa na mwenyewe, maana haongei. Huyu ana mdomo. Tangu mlango amesema kichwa mara tatu. Ulimuuliza alianguka wapi?"

Niligeuka nimfokee. Babako alikuwa ananiangalia. Nikapiga magoti, nikamfungua kamba.

"Kiprono, ulianguka wapi?"

"Kwa mtaro, juzi. Niligonga jiwe. Hii jicho haioni."

Daktari akaruka na tochi. Wakapiga kichwa picha: damu ilikuwa inavujia ndani. Walimpasua hiyo siku. Angelala na ile sindano, wewe ungemjua kwa picha ya ukutani tu.

Askari nilimshika kola juu ya neno moja, na kamba ilikuwa yangu. Hiyo ndio aibu yangu, mwanangu. Na sikudanganyi, babako hakuacha pombe siku hiyo. Amerudia mara mbili, na mara mbili nimemrudisha hospitali, bila kamba, akijieleza mwenyewe.

Kwa hivyo sikia. Mlevi ni mgonjwa, na mgonjwa ni mtu. Akisema anaumwa, amini kwanza, ubishane baadaye. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Usimjibie mtu mwenye mdomo, na usiongee juu yake kama hayuko.

Sasa enda, kaa na babako, muulize ameamkaje, na ungoje jibu hata ikichelewa. Mungu akupatie masikio makubwa kuliko huu mdomo wangu, na siku ukianguka wewe, akupatie mtu wa kukuuliza wapi.