Mfalme Mwenye Meno Mengi

Asubuhi ile kazi yetu ilikuwa kulinda kahawa. Bibi alikuwa ameianika uani kwenye majamvi, na mimi na kaka yangu Rwegasira tulikaa kivulini tukiwafukuza kuku wasije wakaichakura. Nilikuwa na miaka saba na mapengo manne mbele. Kaka alikuwa na kumi na miwili, na meno yake yote. Mama alikuwa Mwanza akimuuguza shangazi.

Kijiji chetu kilikuwa ng'ambo ya Mto Kagera, karibu na mpaka. Kaka alikuwa amefunika daftari lake kwa kurasa za gazeti la picha la Korea, ambalo enzi hizo lilifika hadi shuleni kwetu. Kurasa zile zilikuwa na habari za wafalme wa Silla, dola ya kale ya huko Korea, naye alinisomea mpaka nikazikariri. Mfalme wa kwanza alitoka ndani ya yai, jambo lililonifanya niwaheshimu kuku wetu kwa siku mbili hivi. Koo tatu zilipokezana kiti. Lakini niliyoipenda zaidi ni ya mashemeji wawili, Yuri na Talhae. Mfalme alipofariki, kila mmoja alimsukumia mwenzake ufalme. Mwisho wakakubaliana kila mmoja aume mkate wa mchele na alama za meno zihesabiwe, kwa kuwa watu wa huko waliamini mwenye meno mengi ndiye mwenye hekima. Yuri alishinda. Talhae akatawala baada yake.

"Wewe na mapengo yako," kaka aliniambia, "subiri kwanza."

Siku tatu baadaye tukasikia mizinga kutoka mpakani; vita vilikuwa vimeanza. Bibi aliiacha kahawa pale pale. Tulishika njia ya ziwani pamoja na majirani, Bibi akitembelea fimbo, sisi tukibeba mihogo mibichi. Kwa sababu ya miguu ya Bibi, tulifika wa mwisho.

Ufukweni ulikuwa umebaki mtumbwi mmoja, umejaa.

"Nafasi ni moja," alisema mwenye mtumbwi. "Mtoto mmoja tu."

Nilimwambia kaka aende. Akaniambia niende mimi. Bibi alikuwa ameketi mchangani.

Mizinga ikasogea.

Kaka alimenya muhogo kwa meno, akauma, akanipa.

"Uma."

Niliuma upande wa pili. Akahesabu alama kwa kidole bila haraka, huku mwenye mtumbwi akitufokea.

"Yangu ni mengi. Mimi ndiye mfalme."

"Basi panda."

"Mfalme hapandi, anaamuru. Panda wewe. Mimi na Bibi tutakuja na mtumbwi wa pili."

Akanibeba, akaniweka ndani, muhogo ukiwa mkononi mwangu.

Mtumbwi ulitufikisha Bukoba, na meli ikatuleta Mwanza. Mama alikuwa anakuja bandarini kila meli ilipotia nanga. Aliniona, akatazama nyuma yangu.

"Kaka yako yuko wapi?"

Nilimwonyesha muhogo. "Amenishinda, Mama. Yeye ndiye mfalme." Nilikuwa nacheka. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Mtumbwi wa pili haukuja. Vita vilipokwisha Mama alirudi kijijini. Jirani mmoja alimweleza kwamba wavamizi waliwakuta kaka na Bibi bado pale ufukweni. Kaburi hakuna aliyemwonyesha. Ule muhogo Mama alikuwa ameukausha juani tangu nilipofika, akauweka kwenye kopo la majani ya chai. Wadudu wa dumuzi waliutafuna mpaka ukawa unga, na hata unga hakuumwaga.

Sasa nafanya kazi kiwandani Nyakato, hapa Mwanza, na nyumba yangu iko Buswelu. Mjukuu wangu Koku hakosi tamthilia za Kikorea za wafalme wa kale, zilizotiwa Kiswahili, na mimi hukaa naye nikimweleza nani ni mwana wa nani.

"Babu, kumbe wafalme hawa unawajua?" aliniuliza juzi.

Nilimwambia namjua mmoja. Nikamsimulia yote, kwa mara ya kwanza tangu Mama afariki. Koku akapunguza sauti ya televisheni, akanishika mkono.

Kwa miaka mingi nilijilaumu kwa kupanda. Sasa namlilia kaka yangu, na namshukuru zaidi ya ninavyomlilia. Mke wangu, watoto wangu, hata Koku huyu, wote nimewapata katika nafasi aliyoniachia. Mwezi uliopita niling'olewa jino la mbele. Nilipojitazama kwenye kioo nikakuta nina pengo tena, na kaka bado ni wa miaka kumi na miwili, na meno yake yote.