Kipimajoto Kinachokaa kwenye Kiyoyozi

Jamani, nawasihi, hili lisitoke humu kwenye grupu. Usimtumie hata mchumba wako. Nitafukuzwa kazi.

Ila nimekasirika mno.

Ofisi yetu ya mtaa hapa Manzese mnaijua. Watu hupanga foleni nje, juani, wakiegemea ukuta wa bati.

Tuliletewa kipimajoto kutoka manispaa kitundikwe palepale kwenye foleni. Vipimo vyake ndivyo vitakavyoamua kama watu watajengewa kivuli.

Bosi akakitundika ofisini kwake, chini ya kiyoyozi. Eti nje kitaibwa.

Na anayejaza fomu ya vipimo hivyo kila mchana ni mie. (Ndiyo, mie. Niliogopa.)

Leo bibi mmoja aliyefuata barua ya utambulisho ameanguka kwenye foleni. Tukambeba hadi ndani kwa bosi, tukampaka maji usoni. Alipozinduka akakiona kipimajoto ukutani.

"Mjukuu wangu, kile cha nini?"

"Kinapima joto la kule nje, bibi."

Akakitazama, akacheka kinyonge. "Kumbe nacho kimelikimbia jua!"

Bosi hakucheka. Akanigeukia, bibi akisikia: "Binti, andika huyu ameanguka kwa sababu hakunywa chai. Na ile fomu ya joto uisaini, inaondoka kesho jioni."

Sijasaini.

Mnaokaa karibu, nisaidieni. Msinipigie, simu mchana naiacha mezani kwa bosi. Kesho saa sita njooni mpange foleni kama wengine, mmoja wenu awe na nyundo na msumari. Agonge dirisha langu mara mbili.

Nitatoka na kipimajoto.