Mstari Unaoshuka Ukutani

Kwa miaka ishirini na sita Bi Mstari alikuwa karani wa kumbukumbu wa hospitali kubwa ya mji. Jina hilo wauguzi walimbandika kwa sababu ya mchoro wake. Kila mwisho wa mwaka alihesabu waliokufa kwa pumu, akachukua rula, akauongeza mstari kwenye karatasi ndefu ukutani. Mstari ulikuwa ukishuka. Wageni wakubwa walipigwa picha mbele yake, na yeye, masikini, alisimama pembeni akitabasamu kama mama wa bibi harusi.

Hesabu hiyo ilikuwa na kanuni moja, aliyoitunga mwenyewe enzi za usichana na haraka zake: lisomwe daftari la wodi tu. Aliyefika ameshakata roho aliandikwa katika daftari la chumba cha maiti, ambalo halikuwa na safu ya ugonjwa. Amefika amekufa, basi. Kuchanganya madaftari mawili, aliwaambia makarani aliowafundisha, ni kujitafutia wazimu.

Mdogo wake alikuwa seremala, mtu wa pumu tangu utotoni na wa masihara yasiyoisha. Alizoea kumwambia dada yake kwamba akifa atamharibia mstari. Zahanati ya mtaani ilipofungwa, dawa ya kuvuta ikawa inapatikana hospitali kubwa peke yake, kwa foleni ya asubuhi nzima. Seremala akawa anaivuta kwa kubania ili imfikishe mwisho wa mwezi. Bi Mstari alijua. Alimgombeza, kisha akarudi kwenye rula yake.

Seremala alifia garini saa nne asubuhi, waliomkimbiza wakiliona lango la hospitali.

Mwaka ulipokwisha, Bi Mstari akafunua daftari la wodi. Mdogo wake hamo. Akashuka chumba cha maiti, akachukua madaftari ya miaka ya karibuni, na kwa siku tatu akawapigia simu waliochukua miili, mmoja mmoja, kuwauliza marehemu alikuwa akiumwa nini. Pumu. Pumu. Kifua kilimbana. Tangu zahanati za mitaani zianze kufungwa moja moja, vifo vya wodini vilipungua kwa kuwa watu hawakuwahi kufika wodini. Alilia kwa hasira, na nyingi ya hasira hiyo ilikuwa ya kujichukia.

Akachora mstari mpya. Ukapanda. Akampelekea mkuu wa idara, ambaye aliutazama sana, kisha akauliza kanuni ya daftari moja ilitoka kwa nani.

"Kwangu."

"Basi tuendelee nayo, dada. Imeshazoeleka."

"Mdogo wangu hamo, mkuu."

"Pole sana. Lakini hakufika."

Juma lililofuata kazi ya mchoro ilikabidhiwa karani mwingine, binti mwenye mkono mtulivu. Alisoma daftari la wodi, akaweka rula, akaushusha mstari kidogo. Ulinyooka vizuri. Bi Mstari ndiye aliyemfundisha.