Betri za mashine yangu nusura ziniachishe ndege

Watu wa Manzese, leo ndege nusura iniache kwa ajili ya betri!

Nimefika uwanjani na mashine yangu ya kusakia dhahabu, naenda nayo Mwanza. Betri zake za akiba nimezifunga kwenye kanga ya mke wangu, mama Zuhura, nikazitia chini kabisa ya begi kubwa. Mie sifundishwagi kufunga mzigo.

Binti anayepokea mabegi akaziona kwenye mashine ya ukaguzi, akasema, "Shikamoo babu. Betri hizi zitoe, unapanda nazo mkononi. Huwa zinashika moto."

"Marahaba. Sasa kama zinashika moto, si ndio zikae huko chini na mabegi?"

"Na wewe babu utakaa wapi? Si juu ya hayo mabegi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Jibu nilikuwa nalo, ila walishaanza kuita abiria wa mwisho.

Nikazitoa.

Njia nzima nimezipakata kama mjukuu. Sikusinzia, hata soda nimeikataa.

Sasa nipo Mwanza. Ndege imetua salama, abiria wote wazima.

Haya semeni nyie, rubani alishindwa nini kuja kunishukuru?